Mjane wa Kichaka cha Kisiwani

Germana alikuwa na dharau ya kuwatosha watu wote wa Oldeani, na iliyobaki aliwateremshia wa Karatu siku ya mnada. Hakuwa mchoyo nayo. Mlevi aliyelala mlangoni kwake alipata sehemu yake. Katekista aliyepita akijifanya haoni mitungi alipata yake. Meneja wa shamba la kahawa, aliyeletwa na serikali baada ya wazungu kuondoka, na ambaye ukimwonyesha mbuni na mlimao ataomba muda wa kufikiri, alipata yake na nyongeza juu. Ila dharau nzito, ile iliyochachuka vizuri, aliitunza kwa ajili ya kichaka kilichoota ubavuni mwa nyumba yake.

Kilikuwa kichaka cha hovyo. Majani yake rangi ya bati kuukuu, maua yake madogo meupe yanayonuka sabuni ya kufulia. Kuni hakitoi, dawa si dawa, kivuli chake hakimtoshi hata kuku. Aliyekileta ni Mama Kruza, mke wa mlowezi aliyelima kahawa hapo zamani. Alikitia kwenye kopo la biskuti kutoka kisiwa kimoja kidogo cha Bahari ya Hindi, ambako meli yao ilisimama na yeye akashuka kunyoosha miguu. Walowezi walikuwa na tabia hiyo: wakiona kitu kimetulia mahali pake, mkono unawawasha.

Nyumba nayo ilikuwa stoo ya bustani ya huyo huyo Kruza. Shamba lilipotaifishwa, wanaume wenye akili zao waligombania jumba kubwa, wakang'oa milango, wakabeba masinki ambayo mpaka leo wanayanyweshea nguruwe. Germana aliingiza mitungi yake stoo, akakaa mlangoni, akasubiri mtu aje amwulize. Hakuja mtu. Na hiyo stoo ilikuwa na kitu ambacho jumba halikuwa nacho: ukuta mnene wa mawe uliokinga upepo wa mlimani na kushika joto la jua mpaka usiku. Pombe ya mtama ni kama mtoto mchanga, ikipigwa na baridi haikui. Kwa wapikaji wengine wa Oldeani iliduwaa mtungini na kulala. Kwa Germana iliamka, ikaimba. Barabara ilipita mbele, mfereji wa maji nyuma, ukuta katikati. Ondoa ukuta huo, umemwondoa Germana.

Mume alikuwapo, aliitwa Inosenti. Aliteremka Mang'ola kulima vitunguu, akakutana huko na mwanamke asiyetukana, akabaki. Tangu hapo Germana alimwita "marehemu", na walevi walicheka.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini akaja Profesa. Mzungu mrefu, mwembamba, magoti yote nje. Huko kisiwani, ilisemekana, mbuzi walikuwa wamekula vichaka vyote vya aina ile mpaka mzizi wa mwisho. Wataalamu wakaomboleza. Halafu Mama Kruza, ajuza sasa huko kwao Ulaya, akawaonyesha picha ya bustani yake ya zamani, na Profesa akapanda ndege. Alipokifikia kichaka, alipiga magoti kwenye matope, akalia machozi. Germana alikuwa amekianikia mfuko wa kuchujia pombe. Profesa aliuondoa kwa vidole viwili, kama mtu anayemwondoa nyoka kitandani.

"Mwambie huo mfuko una mwenyewe," Germana alimwambia Clemensi, dereva na mkalimani wa Profesa, kijana wa Karatu aliyejifunza Kiingereza kwa watalii wanaokwenda kutazama wanyama Kreta.

"Anasema huu ndio mmea wa mwisho duniani, mama. Anauliza umewezaje kuulinda kwa miaka yote hii."

"Sikuulinda. Nilikuwa nafukuza mbuzi wasile kimea changu cha mtama."

Clemensi alitafsiri. Profesa akalia tena.

Hapo ndipo balaa la kichaka lilipoanza, maana kilipata kamati. Mwenyekiti wake alikuwa Sylvesta, na hakuna aliyeshangaa. Sylvesta alikuwa mwenyekiti wa kila kitu ambacho wengine walikikwepa: vyoo, kipindupindu, mapokezi ya mwenge. Alikuwa na shati moja la kijani la Chama na kifua cha kulijaza. Akawaalika wageni. Wakaja wa wilaya, wakaja wa mkoa, wakaja akina mama wa jumuiya na wimbo wao wa mmea, na kila aliyekuja kukihifadhi kichaka aliondoka na tawi lake la ukumbusho. Matawi hayo yalikwenda kufia Arusha kwenye makopo ya Blue Band, madirishani mwa waheshimiwa. Profesa mwenyewe alikata zaidi ya wote, ila yeye alikata kwa kisu safi.

Haukupita mwaka, kichaka kilichokuwa kinamfika Germana kifuani kikabaki vijiti vitatu na jani moja la kuombewa dua. Kamati ikakaa, ikala wali, ikagundua mchawi: moshi wa Germana.

Sylvesta alikuja kumpa habari hiyo akiwa peke yake. Alimkuta Germana anachuja, na pembeni yupo Saning'o, mfugaji wa Endulen aliyekuwa anapumzisha punda wake. Saning'o alipanda Oldeani kila alipoishiwa mahindi, kwa sababu kwao, ndani ya hifadhi, kulima kulikuwa kumepigwa marufuku.

"Mama Germana," alianza Sylvesta, akijikalisha, "moshi wako unaua mmea wa dunia."

"Moshi wangu ulikuwapo tangu wewe unavuta kamasi, Sylvesta. Kichaka kilikuwa kifuani. Tangu mlipoanza kukihurumia kiko gotini."

"Niite Ndugu Mwenyekiti."

"Nitakuita siku utakapokalia kiti chako. Hicho ni changu, inuka."

Sylvesta aliinuka, lakini aliinuka na tamko. Stoo itavunjwa ili mmea upate hewa. Mama atapewa chumba kambi ya juu, kule mgongoni mwa kilima. Siku: Alhamisi ijayo.

"Kule kwenye upepo?" Germana aliuliza. Sauti yake ilishuka, na Saning'o akageuka kumwangalia, kwa sababu hakuwahi kuisikia huko chini.

"Hewa safi, mama."

Alipokwisha kwenda, Saning'o alicheka mpaka punda wakainua masikio. "Yeyo, mama, sisi walitukataza jembe kwa ajili ya nyasi, nikasema haya, nyasi ni nyingi. Wewe unahamishwa na vijiti vitatu! Wanakudharau kuliko sisi."

Germana hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja ukutani, kama mtu anayempima mtoto homa.

Sasa, Wairaqw, watu wa akina Germana na Sylvesta, wana jambo lao liitwalo metimani. Mtu aliyepatwa na msiba wa aina fulani hujitenga. Haendi kwa jirani, haazimi moto, hachangii chombo, na hakuna anayekanyaga kwake mpaka wazee wa ukoo waje wamtakase. Ukivuka, unalibeba lile balaa na kulipeleka kwako, kwa wanao na kwa ng'ombe wako. Serikali ilikuwa imelipiga marufuku jambo hilo miaka kadhaa nyuma. Na aliyetangaza marufuku hiyo Oldeani, kwa kipaza sauti, akiliita ujinga wa mababu waliokosa shule, alikuwa Sylvesta.

Alhamisi hiyo ukungu ulikuwa mzito. Walikuja Sylvesta, Profesa, Clemensi na vibarua wenye sururu. Wakakuta matawi mabichi, alama ya metimani, yamelazwa njiani kuziba mlango wa Germana, na Germana mwenyewe ameketi kizingitini, kichwa kimenyolewa kinang'aa kama kibuyu.

Vibarua waliona, wakaweka sururu chini bila kuambiwa.

"Nani amekufa?" Sylvesta aliuliza kutoka mbali.

"Inosenti."

"Lini?"

"Ulitaka apite kwako kuaga?"

"Amezikwa wapi?"

"Huko huko Mang'ola. Karibu, Ndugu Mwenyekiti. Si ulitufundisha kuwa ni ujinga? Pita, nishike mkono uniondoe."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa cheo chake, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Lakini watu walikuwa wanatazama. Mguu wa kulia, ule wa maandamano, ulinyanyuka. Ulipita juu ya matawi. Ukabaki hewani. Na pale hewani ulikumbuka mengi: mitamba miwili yenye mimba, mke mwenye mimba, na shangazi mmoja aliyewahi kuvuka kwa kiburi miaka ya nyuma na hakutajwa tena nyumbani kwao. Mguu ukafikiri kama mguu msomi, kisha ukarudi ulikotoka.

"Kamati imeona hali ya hewa hairuhusu," alisema Sylvesta.

Profesa aliuliza kuna nini. Alipoelezwa alitabasamu vizuri sana, akasema yeye haamini mambo hayo, akakaza mkanda wa begi.

"Aende," Clemensi alimwambia Sylvesta. "Ila akivuka, garini hapandi. Kutoka hapa mpaka Karatu ni mguu, na huko Karatu hakuna atakayempa kikombe wala kitanda."

"Gari si lako, Clemensi! Landrova ni ya mradi."

"Landrova ni ya mradi. Ufunguo ni wangu."

Akayatafsiri hayo kwa Kiingereza cha kistaarabu. Profesa aliiangalia barabara, akaliangalia tope lake jekundu linalowavua watu viatu, kisha akaviangalia viatu vyake. Pale pale, bila padri, imani ya mababu ikamwingia.

Basi Germana akashinda, na ushindi ukaanza kumla. Matawi hayakuchagua. Yalimzuia Sylvesta, yakawazuia na walevi. Jioni aliwasikia wakipita barabarani wameangalia upande wa pili, wakipanda kambi ya juu kunywa pombe ya baridi yenye ladha ya maji ya kuoshea soksi. Aliwatukana. Hawakugeuka, kwani hata neno la mtu wa metimani huenda likavuka na balaa. Dharau, Germana alikuja kugundua, ni kama ngoma: bila wachezaji unajichosha mikono tu. Alipika mtungi mmoja, ukachachuka hadi kuwa siki, akaumwaga.

Akabakiwa na kichaka. Kila asubuhi alikisimamia na kukitukana kuanzia majani kushuka chini, akakiita limbukeni, akakiita kula-kulala, akakiambia hata mbuzi wa kwao kisiwani walikosea kukiacha na mzizi. Na hicho kichaka kisicho na haya kikaanza kuchipua. Hakuna aliyekuja kukipenda, hakuna aliyekata ukumbusho. Mvua za masika zilipokwisha kilikuwa kinamfika kiunoni, kimejaa maua, kinanuka kama siku ya kufua.

Aliyevuka ni Saning'o tu. "Metimani ni yenu," alisema, akiyakalia yale matawi. "Sisi tuna za kwetu, zinatutosha." Alikunywa kibuyu kizima, akafuta mdomo. "Yeyo, safari hii nitashukia Mang'ola, nachukua magadi ziwani. Niwapelekee pole wa huko kwa marehemu?"

Germana alimjazia kibuyu tena. Angesema nini? Mjane anayekataa rambirambi?

"Peleka," alisema.

Huku nyuma Profesa alirudi na darubini, akakitazama kichaka kutoka barabarani, akahesabu maua. Akawaandikia wenzake wa Ulaya kwamba wenyeji wana hekima takatifu ya kale ya kulinda mimea. Semina ikaitishwa Arusha, na mzungumzaji mkuu juu ya mila na uhifadhi alikuwa nani? Sylvesta, yule yule wa kipaza sauti. Alizungumza, wakampigia makofi, akarudi na mkoba mpya na ahadi ya kupanda ndege kwenda kuyasema tena hayo hayo Ulaya. Kuhusu kuvunja stoo, hakuna aliyetaja tena.

Siku moja mchana, watu waliokuwa barabarani walisikia viatu vizito, wakageuka, wakatawanyika kwenye mibuni kama kuku walioona mwewe. Inosenti alikuwa anapanda kutoka Mang'ola, na kiroba cha vitunguu begani. Alifika kwenye matawi, akasimama.

"Germana! Umeniua!"

"Punguza sauti. Maiti haipigi kelele."

"Vitunguu vyangu vinaoza! Nani anunue vitunguu vya marehemu? Nikienda kuteka maji watu wanamwaga ndoo. Yule mama wa huko ndugu zake wamemnyoa kwa nguvu, analia mimi nimekaa hapo hapo, namwambia usilie, analia zaidi!"

"Ingia ndani. Njia nzima inasikiliza."

Inosenti aliyaangalia matawi. Hakutikisika.

"Ingia, wewe!"

"Kuna metimani," alisema kwa sauti ndogo.

"Ya nani?"

"Yangu."

"Sasa?"

"Sasa sijui. Labda ya mtu mwenyewe ndiyo mbaya zaidi."

Germana, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alikosa tusi. Na kabla hajalipata, Sylvesta akatokea anahema, mkoba kwapani. Habari zilikuwa zimemfikia.

Inosenti alimfungulia mikono. "Sylvesta! Ndugu yangu! Tumebatizwa siku moja. Waambie hawa kama mimi ni maiti!"

Germana alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Ukuta ulikuwa na joto. Nyumba yote ilikuwa imesimama juu ya kaburi lisilo na mtu, na mwenye kaburi huyo hapo, na vitunguu begani. Neno moja la Sylvesta, na sururu zingerudi kesho.

Sylvesta alimtazama Inosenti. Usoni pake ungeweza kusoma kila kitu, kwa maana hakuwa na uso wa kuficha. Kama huyu ni mzima, hapana metimani. Kama hapana metimani, hapana mila takatifu, wageni watarudi kukata matawi, kichaka kitakufa, na ndege itaruka bila Sylvesta.

"Samahani, mzee," alisema. "Wewe nani?"

"Mimi Inosenti!"

"Inosenti alifariki. Pole. Tulimtaja Arusha, wakasimama kimya kwa ajili yake."

"Sylvesta, nina kovu hapa kichwani, ulinipiga jiwe tukichunga!"

"Marehemu naye alikuwa na kovu. Alikuwa mtu mwema sana."

"Sikuwa mwema!"

"Hapo umesema kweli," Germana akadakia, halafu akajiziba mdomo.

Sylvesta alimshika mgeni kiwiko, akamvuta kando, na akampa kile ambacho viongozi hutoa wakibanwa: mpaka. "Sikiliza. Mang'ola si eneo langu. Nitateremka kesho kuzungumza na mwenzangu wa huko. Huko utakuwa hai, utauza vitunguu, mama wa watu ataota nywele. Lakini hapa, kwenye eneo la kamati, umekufa. Usituharibie."

Inosenti alifikiri. Hakuwa amepanga kuishi Oldeani kwa vyovyote. Alikiweka kiroba chini, akachagua vitunguu viwili vikubwa, akavirusha kuvuka matawi vikatua miguuni pa Germana. "Vya matanga," alisema, akageuka, akateremka.

"Na wewe mama," Sylvesta alisema, "endelea kuomboleza. Dunia inakutazama."

"Mpaka lini?"

Lakini Ndugu Mwenyekiti alikuwa ameshaondoka.

Germana alibaki na ukuta wake. Alikaa akavitazama vile vitunguu, akawaza maisha yaliyobaki akiwa mjane wa mtu aliye hai kwa amri ya mjinga, ndani ya nyumba nzuri kuliko zote za pombe, bila koo hata moja la kuimiminia. Akavimenya. Vilimpa kisingizio cha machozi.

Jua lilipokuwa linaelekea Endulen, alisikia mluzi upande wa mfereji. Alikuwa Valeriani, mnywaji wa miaka mingi, na nyuma yake wengine wamejikunyata kama wezi wa kahawa.

"Mama Germana. Tumemwona Inosenti."

"Marehemu."

"Ana kitambi."

"Nimesema ni marehemu, Valeriani. Kamati imeamua."

"Kamati ikiamua, nani apinge? Ila marehemu alinisalimia njiani, akaniuliza bei ya mahindi." Valeriani akakuna kichwa. "Kuna kitu mtungini?"

"Mbele kuna metimani."

"Mbele ni ya kamati. Sisi tumekuja kwa nyuma."

Tangu hapo mambo yakaenda hivyo. Matawi ya mbele yalibadilishwa yakinyauka, kwa heshima zote, na wageni wa Ulaya waliyapiga picha kutoka barabarani. Nyuma, njia ya walevi ilikanyagwa ikawa pana, mitungi ikaamka, ikaimba, na Germana akawarudishia wateja wake dharau zote za miezi ile, pamoja na riba. Taabu ilikuwa moja: njia hiyo ilipita ubavuni mwa kichaka.

Jioni moja alitoka na ndoo akamkuta Valeriani amekisimamia kichaka, anafungua vifungo. Germana alimchapa kijinga cha moto mgongoni, mtu akaruka mfereji bila kugusa maji.

"Toka hapo, mbwa! Kikifa hicho, Sylvesta atakosa sababu ya kumwacha Inosenti kaburini, na mimi nitakwenda kupika pombe kwenye upepo! Mtu akitaka haja aende huko kwa meneja!"

Kesho yake alikata miiba, akakizungushia kichaka ua, akitokwa damu vidoleni na matusi kinywani.

"Kumbe umekipenda," Valeriani alisema kutoka mbali, anajikanda mgongo.

"Nikipende? Nakichukia kuliko ninavyokuchukia wewe."

Akainamisha ndoo, akamimina maji polepole, kwenye shina, yasije yakachimbua mizizi.

"Kunywa, mshenzi," alikiambia. "Kunywa taratibu."